Boti Isiyo na Rafadha na Mito Yetu ya Mawe

Mito ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi haina sifa kwa mabaharia. Mto Nairobi wenyewe unatoka mjini, unapita Kamukunji na Gikomba, unawaacha watu wa Majengo na Shauri Moyo ubavuni mwake, kisha unajiteremkia zake hadi Dandora. Mathare unapita upande wa kaskazini wa Eastleigh na kukutana na mwenziwe huko chini. Wa tatu ni Ngong, unaopita katikati ya vibanda vya Mukuru. Yote mitatu, ukifika wakati wa kiangazi, mtoto wa chuoni huweza kuivuka kwa kurukia jiwe hata jiwe. Sisi tuliozaliwa Pwani, tukaona Sabaki ukimwaga maji yake mekundu baharini, huona tabu kuita mkondo kama huo mto; na hali Sabaki ni huo huo! Maji ya Gikomba huingia Athi, Athi huitwa Galana ukiisha kupita Tsavo, na Galana ndio Sabaki wa Malindi.

Lakini maji hayo ya magotini ndiyo yaliyoua. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mvua ya masika ilipokataa kusita, mto Mathare ulitoka kitandani mwake ukaingia vitandani mwa watu. Walioamka mapema walipanda mapaa ya mabati, na kulipokucha wakawa wanaonekana kule juu wamekumbatia watoto na magodoro. Msimu ule wa mvua, nchi nzima, ulichukua roho za watu zaidi ya 250.

Kitambo baada ya hayo, nilikuwa barazani Majengo baada ya alasiri, na wazee wenzangu na vijana wawili watatu. Kijana mmoja akatuonyesha filamu katika simu yake. Ilikuwa boti ndogo, fupi, yenye kelele kama ya ndege, inapanda mto wa mawe kwenda juu, maji yenyewe haba hata kokoto zinaonekana. Inapinda kati ya miamba miwili kama nyoka anayekimbia moto, kisha inazunguka mahali pamoja na kusimama.

"Mzee," akaniambia, "hizi zingekuwako Mathare usiku ule, kuna mtu angekufa?"

Wazee walicheka. Mmoja akasema kwamba hizo ni hila za sinema. Mimi sikucheka, kwa kuwa boti hizo nazijua kwa habari zake, na swali la kijana lilikuwa swali la haki. Nikamwahidi kwamba nitaliandikia. Makala haya ndiyo jawabu, ingawa halitampendeza lote.

Kwanza, msomaji, tuijue boti yenyewe. Huitwa boti ya jeti. Boti ya mashine tuliyoizoea Lamu au Mombasa ina rafadha, yaani lile panga linalozunguka chini ya tezi, ndani ya maji. Rafadha ni kitu kizuri penye kina. Penye mwamba ni msiba: ikigonga mara moja, panga limekunjika, na nahodha amebaki na mashine inayonguruma bure huku mkondo ukimchukua. Ndiyo maana mababu zetu katika maji ya haba walitegemea upondo, na Wapokomo wa mto Tana wanautegemea mpaka leo katika mitumbwi yao.

Boti ya jeti haina panga nje, wala haina usukani ndani ya maji. Chini ya tumbo lake pana mlango wenye wavu wa vyuma. Injini, ambayo mara nyingi ni ya aina ya gari, huzungusha feni iliyofungiwa ndani ya bomba. Feni huyavuta maji kupitia ule mlango na kuyatema nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Maji yakitemwa nyuma, boti huenda mbele. Ukitaka kupinda, unaugeuza mdomo. Ukitaka kurudi nyuma au kusimama ghafula, unateremsha kitu kama kikombe mbele ya ule mdomo, nayo maji hugeuzwa yakaelekea omo.

Nilipomweleza haya fundi mmoja wa Gikomba, mtu wa makamo anayetengeneza pampu za maji na hajapata kupanda hata ngalawa, hakutaka maneno mengi. "Hii ni pampu tu, mzee," alisema. "Ile ya shamba unaifunga chini, inasukuma maji yaende. Hii umeifunga ndani ya boti, maji yanaisukuma yenyewe." Nimesoma kurasa nyingi juu ya boti hizi, na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Wazo lenyewe ni kongwe. Waingereza wawili, Toogood na Hayes, walipewa hati ya kuvumbua kitu cha namna hiyo mwaka 1661, na Mmarekani James Rumsey aliendesha mashua ya kutema maji kwa nguvu ya mvuke katika mto Potomac mwaka 1787. Lakini yalikuwa mambo ya majaribio. Aliyeifanya boti ya jeti ikawa kitu cha kazi ni mfugaji kondoo wa New Zealand, William Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1899. Shamba lake lilikuwa katika kisiwa cha kusini cha nchi ile, ambako mito hushuka kutoka milima ya theluji, myepesi, baridi, na imegawanyika vijito vijito juu ya uwanja wa kokoto. Alitaka boti ya kuipanda mito hiyo. Hapakuwa na boti kama hiyo duniani, naye alikuwa na karakana shambani. Baina ya mwaka 1953 na 1954 akajaribu. Kwanza aliyatema maji chini ya tumbo la boti, ndani ya maji. Boti ikaenda kwa uvivu. Kisha mdomo ukainuliwa nyuma, maji yakatemwa hewani juu ya uso wa mto, na mwendo ukaongezeka papo hapo. Mwaka 1960 boti zake, mojawapo ikiendeshwa na mwanawe Jon, zilipanda mto Colorado wa Marekani kupitia lile bonde lake kuu, kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla. Hamilton alipewa cheo cha Sir mwaka 1974, akafa mwaka 1978. Kampuni yenye jina lake ingali inatengeneza mashine hizo mjini Christchurch, na wanunuzi wake ni pamoja na walinzi wa pwani na waokoaji wa nchi nyingi.

Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, alichukua boti tatu za jeti akaingia nazo Ganges kutoka baharini, akaupanda mto huo mtakatifu wa Wahindi hadi milimani, mpaka maporomoko yalipomkatalia njia. Mtu aliyekwisha simama juu ya dunia alikuta ukuta wa maji usiofika hata urefu wa mnazi, akasalimu amri. Boti ya jeti hupanda maji yanayokwenda mbio. Maji yanayoanguka haiyapandi. Wenye ndoto ya kutoka Malindi kwa boti hadi Gikomba wayajue hayo: njiani wana maporomoko ya Lugard, na juu yake Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk.

Sasa nije kwenye jambo lililonivuta mimi, nalo ni uendeshaji wenyewe.

Boti hii ikiwa imesimama, huzama kama boti nyingine yoyote na kutaka maji ya shubiri moja na zaidi. Ikipata mwendo, huinuka ikateleza juu ya uso wa maji, na hapo upana wa kiganja cha maji huitosha. Maana yake ni kwamba penye maji haba zaidi ndipo dereva anapotakiwa kukaza mwendo. Akiingiwa na hofu katikati ya kokoto akapunguza mafuta, boti hukaa chini, na tumbo huketi juu ya mawe. Tena kuna la pili. Kwa kuwa usukani wake ni yale maji yanayotemwa, ukikata mafuta umekata na usukani. Mtu aliyezoea gari, akiona mwamba mbele, mguu wake hukimbilia breki. Katika boti ya jeti mguu huo ndio utakaompeleka mwambani. Wanaofundisha kazi hii husema kwamba mtihani mkubwa wa mwanafunzi ni kuuvunja ukaidi wa mguu wake.

Na asiyeruhusiwa kusita, lazima awe ameamua mapema. Ndiyo maana dereva wa mito ya mawe hatazami maji yaliyo chini ya omo. Hayo yamekwisha kupita, hata kama bado hajayapita. Hutazama mbali, mwisho wa upeo, na kuyasoma maji.

Nasema kuyasoma, wala sikopi neno hilo kwa mapambo. Sisi tuliopitia chuoni tulianza na ubao na herufi zenye irabu zote: fatha, kasra, dhumma. Baadaye ukipewa barua ya mzee, au utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, unakuta irabu hazipo, au zipo zilizofifia. Asiyejua husoma "bata" mahali pa "bati". Ajuaye hutazama neno zima, na lililo kabla yake, na linalokuja, akalipata. Mto wa mawe ndivyo ulivyo. Jiwe lenyewe hulioni. Waona alama yake juu ya maji. Maji yakijipanga kwa umbo la mshale unaoelekeza kule unakotoka mkondo, kwenye ncha ya mshale huo pana jiwe limejificha. Mshale ukielekea kule uendako mkondo, laini, mweusi, kama ulimi, huo ni mlango kati ya mawe mawili, na hapo ndipo penye kina. Vijiwimbi vidogo vinavyometa sawasawa ni kokoto, zipo karibu lakini hupitika. Doa la maji yaliyotulia katikati ya ghasia usilipende: aghalabu juu yake pana jabali, na nyuma yake maji hujipinda na kurudi. Penye kona, kina huwa upande wa nje, ambako mkondo hula ukingo, na mchanga hulala upande wa ndani.

Kwa wale wapendao, nimeyatia hayo katika ubeti mmoja:

Mto ni kama kitabu, kisichotiwa irabu,
Maji yatoa jawabu, kwa mwenye kuyahesabu,
Mwenye pupa na ghadhabu, humpata masaibu,
Jiwe halina aibu, humvunja hata bwana.

Kitabu hicho hakisomwi mara moja. Mvua ya usiku mmoja hukiandika upya. Jiwe lililoonekana jana leo limefunikwa, na ulimi wa maji uliokuwa kulia umehamia kushoto. Kwa hiyo kokote zilikokwenda boti hizi, wenye boti wangefanya vyema kumtafuta mwenyeji.

Afrika ilipata kuziona boti hizi katika safari kubwa. Mwezi wa Oktoba 1974, Mwingereza John Blashford-Snell, afisa wa jeshi, aliongoza msafara wa askari na wataalamu wa elimu mbalimbali kuteremka mto Kongo, ambao siku zile serikali ya nchi ile iliuita Zaire. Walianza karibu na chimbuko lake, wakafika bahari ya Atlantiki Januari 1975. Walikuwa na boti kubwa za mpira wa kutia upepo, na pamoja nazo boti za jeti kutoka New Zealand. Zile za mpira hupinda na mwamba na kunyanyuka tena, ila haziwezi kurudi juu, zikishapita, zimepita. Boti za jeti ndizo zilizoweza kwenda mbele kupeleleza, kurudi, na kuwafuata waliotupwa majini.

Msafara ule ulikuwa wa kukumbuka miaka 100 ya safari ya Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Novemba 1874 akatokea Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877. Magazeti ya Ulaya yaliandika mengi juu ya Stanley wakati ule, na mengine tena miaka 100 baadaye. Mimi nataka kuandika juu ya Uledi.

Uledi alikuwa mngwana wa Unguja, nahodha wa mashua ya Stanley iliyoitwa Lady Alice, ambayo ilikuwa ikifunguliwa vipande vipande na kubebwa mabegani. Mwezi Januari 1877, katika maporomoko yaliyo juu ya mahali ambapo leo pana mji wa Kisangani, mtumbwi mmoja ulivunjika, na mtu aitwaye Zaidi akabaki ameng'ang'ania kipande chake kilichonasa juu ya jiwe, katikati ya mto, ukingoni kabisa mwa maanguko. Huku maji, huku maji, na chini yake shimo la povu. Zikasukwa kamba za mtambaazi wa porini pamoja na kamba za mahema, zikafungwa kwenye mtumbwi, na pakaulizwa nani ataingia. Uledi akaingia, na kijana Marzuki pamoja naye. Mtumbwi uliteremshwa kwa kamba kidogo kidogo hadi karibu na Zaidi. Kamba zikakatika. Watu watatu badala ya mmoja wakawa wamekwama juu ya kijiwe kati ya mto, wakalala pale usiku kucha na ngurumo ile masikioni. Asubuhi zikasukwa kamba nyingine, na wote watatu wakavutwa wakatoka salama.

Stanley mwenyewe ameandika kwamba katika safari ile Uledi aliwaokoa watu 13 kutoka majini. Si wote waliobahatika. Kalulu, kijana aliyekuwa amepelekwa Ulaya na kurudishwa, alizama Machi mwaka ule ule. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki na Stanley, alizama Juni.

Nimeyataja haya kwa sababu boti ya jeti ndiyo kifaa ambacho Zaidi angekihitaji. Ingeyapanda maji kutoka ubavuni, ingesimama mbele ya lile jiwe ikilingana nguvu na mkondo, haiendi mbele wala hairudi nyuma, mpaka mtu adake ubavu wake. Tena haina panga la kumkata aliye majini. Kwa kazi ya kuokoa watu katika maji ya mbio na ya mawe, sijui chombo kinachoishinda.

Basi, kijana wa Majengo ana haki? Nusu ya haki.

Natazama kwanza mto Tana. Tarehe 28 Aprili 2024, siku nne baada ya usiku ule wa Mathare, barabara kati ya Garissa na Madogo ilikuwa imefunikwa, na watu wakawa wanavuka kwa boti. Moja ilipinduka katika maji ya mafuriko ikiwa na watu wengi. Wengine waliokolewa, wengine hawakuonekana wakiwa hai. Tana wa huko ni mpana, fungu za mchanga huhama kila mwaka, na mafuriko hupita juu ya mashamba na miti. Hapo boti ya jeti ina nafasi yake, na wenye mamlaka ya kununua vifaa vya uokoaji wangefanya vyema kuuliza bei yake kabla ya masika, si baada yake. Ila waijue na kasoro yake: mchanga hula feni kama mchwa alavyo boriti, na mashine hiyo hunywa mafuta vibaya. Na wakiinunua wasimpe kijana wa ofisini aliyehudhuria mafunzo ya wiki moja. Wampe Mpokomo aliyekulia kwenye upondo. Huyo maji ya Tana ameyasoma tangu utoto, atakachofundishwa ni mashine tu.

Mathare ni neno jingine. Mto wenyewe ni mwembamba, na usiku wa gharika haukuwa mto tena, ulikuwa uchochoro. Maji yalipita kati ya nyumba na nyumba, yamebeba mabati, nguzo, nyaya za umeme, na milango. Dereva aliye hodari kuliko wote angehitaji nafasi ya kugeuza omo, na hapana. Waliookoa watu usiku ule na asubuhi yake, kabla ya waokoaji wa Msalaba Mwekundu na baada yao, wengi wao walikuwa jirani, kwa kamba na mikono. Kamba, nayo, ni adui wa boti ya jeti: ikielea karibu na ule mlango wa chini huvutwa ndani ikajisokota kwenye feni, na mashine hunyamaza.

Na hapo ndipo lilipo jambo lililonichoma zaidi. Boti hii, iliyotengenezwa makusudi kwa mito myembamba na ya mawe, haiogopi mawe yetu. Inaogopa takataka zetu. Kokoto ikinasa kwenye wavu, dereva hufungua kifuniko, hutia mkono, huitoa, akaendelea. Lakini kuna vitu visivyotoka kwa mkono. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na ni kweli ilipungua. Chupa, magunia na vitambaa havikupigwa marufuku. Mito hii imetangaziwa usafi mara nyingi. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia mwaka 2008, aliusukuma kweli, na mahali pamoja pa ukingo wake mjini pana bustani yenye jina lake. Baada ya gharika ya mwaka 2024 nyumba za kando ya maji zilibomolewa, watu wakaondoshwa. Mwaka 2025 serikali ikaanzisha kazi nyingine kubwa ya kuutengeneza mto Nairobi. Sitaki kuihukumu kazi ambayo haijakwisha.

Nilirudi kwa yule fundi wa Gikomba nikamuuliza kama mtu mwenye jicho la pampu: boti hii ikitiwa hapo chini, mtoni, itakwenda umbali gani? Hakunijibu. Alikuwa na pampu mezani, ya kijana anayeosha magari na kuvuta maji mtoni humo. Akaifungua mbele yangu. Akatoa kwanza kipande cha gunia la nailoni, kimejisokota kikawa kigumu kama kamba ya nanga. Kisha nywele za bandia, fungu zima. Kisha ukanda wa sidiria. Mwisho akatoa kifuniko cha chupa ya soda, cha plastiki, kimekaa sawasawa kwenye tundu la feni kana kwamba kiwandani walikipima.

"Hii ni ya wiki mbili," alisema, "na ni pampu ya inchi mbili tu."

Akasafisha, akafunga bolti zake nne, akamwita mwenye pampu. Alimwambia afunge kitambaa cha chandarua kwenye mdomo wa bomba kabla ya kulitia mtoni. Kijana akalipa, akaitia pampu yake kwenye mkokoteni, akateremka nayo tena kuelekea majini.